Saa Saba za Istanbul

Enzi zetu pale kijijini Tingi, kusini mwa Rufiji, hakuna aliyeuliza Dar es Salaam ni kilomita ngapi. Tuliuliza mvua. Kiangazi basi lilichukua siku nzima. Masika lilizama kwenye tope kabla ya Rufiji, abiria wakashuka wakasukuma, wakapika, wakalala huko huko, na sisi nyumbani hatujui lolote.

Masika moja baba alikwenda Dar kutibiwa jicho. Nilikuwa darasa la pili, napenda kusifiwa usafi. Basi lilipoondoka tu, nikashika ufagio, nikafagia kuanzia sebuleni hadi barazani. Bibi, mama yake baba, akanikuta mlangoni.

"We Zuhura! Babako hata Somanga hajafika, ushamfagia?"

Kwetu msafiri akitoka, nyumba haifagiwi mpaka ijulikane amefika salama. Jamani, niliogopa! Nilikimbia jalalani, nikazoa vumbi lile lile pamoja na maganda ya mihogo, nikayarudisha sebuleni na kuyatandaza kila pembe. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Niliamini nimemuua baba. Wenzangu waliniita kucheza rede, sikwenda. Kisamvu cha nazi, chakula nilichokipenda kuliko vyote, hakikupita kooni. Siku ya tisa kondakta akashusha barua: baba amefika, walikwama njiani siku nne. Bibi akasema, "Alhamdulillahi. Haya, fagia sasa." Nilifagia huku nalia.

Juzi binti yangu Nasra kapanda ndege kutoka Dar kwenda Istanbul kusoma. Vijana wa siku hizi usiwaambie habari za ufagio, watakucheka hadi kesho. Alinionyesha kwenye simu: kilomita zaidi ya elfu tano, saa saba angani. "Saa saba tu, mama! Nyie si mlikuwa mnalala njiani?" Akaniwekea ramani yenye kindege kinachotambaa, eti nisiwe na wasiwasi. Wasiwasi ukaanza hapo hapo. Kindege kikiganda kidogo, na mimi pumzi zinaganda. Saa saba zikatimia, kikatua. Nikapiga simu, haipatikani. Robo saa. Nusu saa. Nilisoma kila dua niijuayo, nikazirudia. Dakika ya arobaini simu ikaita.

"Mama, si uliona ndege imetua? Nilikuwa kwenye foleni ya pasipoti."

Nikamgombeza kwanza, kisha nikalia.

Bibi alikaa siku tisa bila habari za mwanawe, na kila siku alipika, akasali, akalala. Mimi dakika arobaini tu zilinikausha mate. Nilidhani bibi alikuwa na moyo mgumu kuliko mimi. Siyo. Ni kwamba hakuna aliyewahi kumtajia saa ya mwanawe kufika, kwa hiyo katika siku zote zile tisa, hakuwahi kujua kwamba amechelewa.