Dawa ya Magoti ya Kapita

Mtaani Kasha, juu kabisa ya Bagira, mjini Bukavu, palikuwa na mtu mmoja ambaye miaka ya vita alikimbia kila asubuhi bila kufukuzwa na mtu yeyote. Majirani walishindwa kumwelewa. Siku zile watu wa Bukavu walikimbia kwa sababu: walikimbia askari, walikimbia risasi, na mara nyingi zaidi walikimbia uvumi. Polycarpe Zagabe alikimbia kwa sababu mbwa alipaswa kukimbia.

Mbwa huyo aliitwa Kapita, jina la msimamizi wa vibarua shambani, na lilimfaa sana, maana hakuna kitu alichokipenda kama kukaa na kutazama wengine wakifanya kazi. Alikuwa mbwa wa kuwinda, mrefu, mwenye rangi ya kahawa iliyokaangwa. Mwenye mbwa alikuwa Monsieur Constantin, mfanyabiashara wa kahawa aliyekaa Muhumba, kando ya ziwa. Polycarpe alimtumikia miaka kumi na mmoja. Alianza kwa kupakia magunia. Siku moja akaanguka kutoka juu ya lori, goti la kulia likateguka, na tangu siku hiyo halikurudi kuwa goti la kutegemewa. Monsieur Constantin hakuwa mtu mbaya. Hakumfukuza, alimpa kazi ya kutunza mbwa.

Kapita naye alikuwa na shida ya viungo. Akishinda porini akikimbiza kanga, kesho yake aliamka akichechemea, nyonga zimekakamaa. Basi Monsieur akaagiza vidonge kutoka Ulaya. Vilikuja katika makopo makubwa mekundu yenye picha ya mbwa anayeruka juu ya uzio. Alimweleza Polycarpe kwamba si dawa hasa, ni chakula cha viungo. Ndani mna unga wa gegedo na mafuta ya samaki, na mbwa wa mbio akila kila siku, viungo vyake havichakai upesi. Polycarpe, amesimama kwa mguu wake mzima, alisikiliza maelezo yote kwa heshima.

Mwezi wa kumi mwaka 1996, vita vilipokuwa vimefika Uvira, Monsieur Constantin alifunga masanduku mawili akavuka mto Ruzizi kwenda nchi jirani. Mbwa hakupata nafasi.

"Komprime moja kila siku," alimwambia Polycarpe mlangoni. "Na akimbie kila siku. Huyu akikala bure, iko anakufa. Miye nitarudia."

"Patron, mbele ya Mungu, moja kila siku," akajibu Polycarpe, mkono umeinuliwa.

Hakuna aliyemwambia aape. Lakini ndivyo alivyokuwa, mtu wa kuapa mahali ambapo wengine wangetikisa kichwa tu, na akishaapa, hata umchape hageuki.

Aliondoka na mbwa kwenda naye Kasha. Wiki haikuisha, mji ukaanguka. Watu wa Bagira walimiminika barabarani kuelekea milima ya Kabare, na katikati ya msongamano huo goti la Polycarpe likakakamaa. Alianguka kifudifudi. Watu walimpita juu, si kwa ubaya, ila nyuma yao kulikuwa na wengine wanaosukumwa na wengine. Mke wake, Agnès, alirudi akipigana na umati, akamshika ukosi wa koti akamburuta hadi mtaroni. Walikaa humo mpaka watu wakapungua. Polycarpe aliisimulia habari hiyo kama kisa cha kuchekesha. Agnès hakuwahi kuisimulia hata kidogo.

Waliporudi, Polycarpe alishuka Muhumba kuangalia nyumba ya patron. Waporaji walikuwa wamebeba milango, mabomba, waya za umeme, hata kiti cha choo. Katika stoo yalibaki makopo matatu mekundu. Wapo walioiba sahani ya mbwa, lakini chakula chenye picha yake waliona ni kujishushia hadhi. Polycarpe aliyapandisha makopo Kasha kichwani, akayapanga juu ya kabati, chini ya rozari, akatundika kalenda pembeni. Kila jioni, kidonge kimoja, msalaba mmoja kwenye kalenda.

Mshahara ulikuwa umekwenda na masanduku mawili ya Monsieur. Aliyelisha nyumba ni Agnès. Binti yao mkubwa, Joviale, alikuwa ameolewa Minova, mdogo yuko Walungu, na mjini hawakuwa na ndugu wa kuwasaidia. Basi Agnès akafanya kazi wanayofanya akina mama wengi wa Bukavu: kubeba mizigo kwa mkanda. Unafunga gunia mgongoni, unapitisha mkanda kwenye paji la uso, unainama, unapanda. Alibeba unga, mkaa, mchanga wa kujengea, kutoka chini sokoni hadi milimani kwa wateja. Mwanaume hagusi mkanda ule. Mwanaume anaweza kusukuma mkokoteni, anaweza kukaa bila kazi akalaani serikali, lakini mkanda wa paji la uso ni wa mwanamke, na anayeuvaa anajiaibisha yeye na ukoo wake. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, na hakuna aliyeivunja.

Jioni Agnès alirudi, akakaa juu ya kinu kilichogeuzwa, akajikanda magoti kwa mawese ya moto. Kwa hiyo nyumbani mle kulikuwa na magoti mabovu ya watatu, na dawa ya mmoja. Mmoja huyo alilala karibu na moto, akipiga mkia.

Kapita hakukubali kumeza kidonge kikavu. Ilibidi kifichwe ndani ya donge la bugali, ugali wa kwao. Na bugali ni kazi ya jikoni, na jikoni Polycarpe haingii, kwa maana alilelewa vizuri. Kila jioni alisimama kizingitini, akampa mkewe kidonge, akarudi sebuleni kuweka msalaba wake. Yaliyofuata jikoni yalikuwa ya jikoni.

Katikati ya mwaka 1997 Agnès alikipokea kidonge, akakitazama kiganjani.

"Papa Joviale, kila siku unamupa mbwa dawa ya magoti. Na humu nyumba kuko magoti ingine."

"Yako tutapaka mawese," alisema Polycarpe. "Hii iko ya Kapita. Nilimwapia patron."

 Agnès akasema, "Bon," akageukia sufuria yake. Hakuuliza tena.

Miaka ikaenda. Vita vya kwanza viliisha, vya pili vikaanza, watawala walibadilika, na wote walitaka watu wakapige makofi uwanjani. Polycarpe aliweka misalaba. Asubuhi alimkimbiza Kapita kuzunguka mtaa, mwanzoni akichechemea na kuomba kupumzika kila kona, na majirani wakimtania kwamba mbwa ndiye anayemtembeza yeye. Lakini taratibu goti likalegea. Mwaka 1998 alishuka ngazi za parokia bila kushika ukuta. Mwaka uliofuata alichuchumaa na kuinuka, akachuchumaa tena kwa kujionyesha tu.

Kama ni mbio za asubuhi zilizomfaa, au ni kingine, mimi siwezi kusema. Yeye alijua: ilikuwa novena ya Bikira Maria. Alitoa ushuhuda katika shirika, kule ambako majirani Wakatoliki husali pamoja kila wiki, akainua suruali mpaka pajani ili kila mtu aone goti. Akina mama walipiga vigelegele. Agnès alikuwa ameinama akichezea ncha ya kitenge. Shida moja tu iliyomkera Polycarpe miaka ile ni sombe, mboga ya majani ya muhogo.

"Maman Joviale, hii sombe iko na muchanga," alilalamika karibu kila usiku, akitafuna kwa uangalifu.

"Maji ya kuosha ni kidogo," Agnès alijibu.

Siku moja ya soko mwanzoni mwa mwaka 2000 risasi zililia kule soko la Kadutu. Polycarpe alikuwa ameshuka kumtafuta mke wake. Alikimbia. Alipanda mlima akikimbia, akaruka mitaro miwili, akafika juu hana jeraha, akageuka akicheka kwa kustaajabu. Agnès alikuwa mbali chini, anapanda kwa kushika ukuta, hatua moja moja. Alipofika uso wake ulikuwa na furaha ambayo mumewe hakuielewa. Aliona tu kwamba anapumua vibaya.

Mwaka huohuo kaka yake Agnès akafa Walungu. Agnès akaenda kwenye matanga, na njia ikafungwa siku nne. Jirani, Maman Lydie, alimletea Polycarpe bugali. Jioni ya kwanza ilipofika, Polycarpe alijikuta na kidonge mkononi na hakuna wa kumpa kizingitini. Akakata donge, akakitia ndani, akamrushia mbwa.

Kapita alimeza nusu, akasimama. Akakunja midomo. Akatema kidonge sakafuni, akakinusa, akarudi nyuma akikibwekea.

Jioni ya pili ikawa hivyohivyo. Ya tatu Polycarpe alikipaka mafuta ya sambaza, dagaa wa ziwani. Kapita alilamba mafuta na kukiacha kidonge cheupe, kisafi. Polycarpe aliketi akamtazama mnyama huyo. Mbwa aliyekula kitu kila siku kwa miaka minne hakibwekei kama nyoka. Akatazama misalaba kwenye kalenda. Hakuhitaji kuambiwa. Vidonge vililiwa na mwenye magoti mabovu ambaye jikoni ni kwake.

Alikasirika kwelikweli. Usiku kucha alitunga maneno. Alimwona Monsieur Constantin amesimama mlangoni na masanduku yake, alijiona yeye na mkono wake ulioinuliwa, na aibu ikamtafuna. Alikuwa ameapa mbele ya Mungu, na mke wake amemfanya mwongo, siku baada ya siku, huku yeye mwenyewe akiweka msalaba juu ya uongo.

Siku ya tano mchana Agnès alifika, gunia la maharage mgongoni, mkanda kichwani. Polycarpe hakumpokea mzigo. Alitupa donge mbele ya Kapita, na Kapita, bila kuchelewa, akatema kidonge miguuni pa Agnès.

"Umeona?" alisema Polycarpe. "Amesahau hata harufu yake. Miaka yote! Nilikupatia mu mukono yako, na weye ulikuwa nakula dawa ya mbwa ya mutu!"

Agnès alilegeza mkanda, gunia likashuka. Palipokaa mkanda, paji la uso lilikuwa na mfereji. Alikaa juu ya kinu.

"Miye? Sikukula hata moja."

"Sasa nani alikula? Mbwa hapana. Weye hapana."

"Kapita nilimupa mufupa ya kuchemusha, ya pa maungio, ile wanatupa ku abattoir, pale banachinja ngombe. Ile anapenda. Na anakimbia muzuri, weye mwenyewe unaona."

"Nauliza komprime!"

Agnès aliinua macho. "Muchanga ya sombe," alisema.

Polycarpe alipitisha ulimi kwenye meno yake.

"Nilikuwa nasaga na jiwe," Agnès akaendelea, sauti ya chini, bila haraka. "Siku ile nilikuuliza, nilisema kuko magoti ingine humu nyumba. Weye njo uliwaza niko nasema yangu. Ule mwaka wa njia ya Kabare, niliona watu banakukanyanga, Papa Joviale. Niliona kiatu ya mutu juu ya shingo yako. Nikawaza: siku ingine watakimbia tena, na miye sitafika kukuvuta. Njo vile. Kama ni zambi, ni yangu."

Kapita alikuja akalala katikati yao. Polycarpe alitazama goti lake la kulia, lile alilolionyesha shirika zima. Kisha akatazama ya mke wake, yamevimba chini ya kitenge, yamenata mawese ya zamani. Akalia. Hakujificha wala hakusingizia moshi. Agnès alimwacha alie, kwa sababu hakujua la kufanya na mwanaume anayelia, na pia kwa sababu alikuwa amechoka.

Jioni ile Polycarpe aliingia jikoni. Alitengeneza donge la bugali, baya, limepasuka pembeni, akatia kidonge ndani, akaliweka kwenye sahani ya mke wake. Agnès alilitafuna. Akasema kweli mna mchanga. Katika kopo la mwisho vilibaki vidonge tisa, na tarehe iliyochapwa chini yake ilikuwa imepita zamani. Polycarpe hakuweka msalaba.

Asubuhi palikuwa na gunia la unga la kupandisha kwa mteja. Walishuka pamoja sokoni, Kapita mbele. Agnès alipoinama kufunga mzigo, Polycarpe alichukua mkanda mkononi mwake, akauvaa kwenye paji la uso, akainuka.

Soko zima lilicheka. Wapakiaji walipiga miluzi. Mzee mmoja aliyemjua baba yake aligeuza uso asiyaone. Mbebaji mmoja alimwuliza Agnès kwa sauti kama mume wake amerogwa. Polycarpe alisikia yote, maana mkanda unafunga kichwa lakini haufungi masikio. Aliinama, akaanza kupanda. Goti lilihimili.

Nyuma yake alikuja Agnès, polepole, bila mzigo. Hakujua mikono yake aiweke wapi.