Mama Mdogo Veneranda Alijua Kazi

Siku yake ya kwanza kazini, huko Farsta, mama mdogo Veneranda alimvalisha bibi mmoja soksi zote mbili, akamfunga sweta, akamnywesha chai. Alijiona hodari. Msimamizi wa zamu, mama wa Kiswidi aliyekuwa akimfundisha, alingoja mpaka wamefika kwenye ngazi.

"Umemwibia yule bibi," alimwambia.

"Nimeiba nini?"

"Soksi ya kulia huwa anavaa mwenyewe. Endelea kumvalisha, mkono wake utasahau."

Mwezi uliopita tulimzika mama mdogo. Nilikaa matangani nikisikiliza watu wakisema alikuwa malaika, alikuwa na moyo wa huruma. Hakuna aliyesema kwamba alijua kazi. Nilikasirika, na bado nimekasirika. Ndiyo maana nawaandikia ninyi mnaoingia leo hemtjänst, huduma ya manispaa inayopeleka wahudumu majumbani kwa wazee.

Mama mdogo hakumwinua mtu kwa kumshika kwapa, maana bega la mzee huteguka upesi. Kwanza nyayo zirudi nyuma, chini ya magoti. Kisha mtu ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu. Hapo makalio yanainuka yenyewe, na mhudumu anashika tu mkanda wa kiunoni mwa mzee, asije akaanguka. Inachukua muda. Alipohamishiwa Skärholmen, mkuu wa kitengo hakuupenda huo muda.

"Veneranda, mvalishe tu uondoke."

"Nikimvalisha leo, mwakani utatafuta watu wawili wa kumvalisha."

Bosi alinuna, lakini hakumwondoa.

Alipostaafu aliendelea bila malipo kwa wazee wa kanisani kwetu. Mmoja ni Mzee Zakaria wa Tumba, Mrundi mwenzetu, aliyevunjika nyonga. Mazoezi ya hospitali aliyakataa. Alisema yeye si mtoto wa shule. Mama mdogo hakubishana naye. Alimtembelea, akanywa chai, akavaa koti, akasimama mlangoni.

"Haya Mzee, mimi naenda."

Kwetu mgeni haondoki peke yake. Mwenye nyumba humsindikiza. Mzee akahangaika kitini.

"Uende bila kusindikizwa? Watasema sina adabu."

"Nani atasema?"

"Wewe. Mdomo wako naujua."

Akainuka. Mwanzo alimfikisha mlangoni, baadaye kwenye lifti, na kufikia kiangazi walikuwa wanakwenda hadi kituo cha treni wakigombana njia nzima. Mama mdogo aliniambia kustaafu kumempa kitu kimoja tu ambacho mabosi walimnyima: ruhusa ya kusimama mlangoni na kungoja.

Kisha akaugua. Wamama wa kanisa wakachukua zamu kwa Mzee, kila mmoja na sufuria yake. Wakimaliza kumlisha, wanaaga: "Keti, Mzee, usijisumbue." Wanamwambia hivyo kwa heshima kabisa, naye anaketi. Sasa hainuki. Neema, binti yake anayeishi naye, anashinda kazini, na manispaa imeshamwambia kwamba baba asipoweza kuinuka mwenyewe atahamishiwa nyumba ya wazee. Huko ataongea na nani? Kiswidi cha Mzee Zakaria kinaishia kwenye asante.

Jumamosi nilikwenda na binti yangu mdogo. Tulikunywa chai. Nikamvika mtoto nguo zake za baridi, nikavaa koti, nikasimama mlangoni.

"Haya Mzee, sisi tunaenda."

"Nendeni salama," alisema, hajajitikisa.

"Dada, mwache baba apumzike," Neema akasema.

"Mimi nimeaga tu."

"Basi nenda."

Sikwenda. Mtoto akaanza kulalamika kwa Kiswidi kwamba anasikia joto. Nikamwambia avumilie.

"Neema," Mzee akauliza, "huyu mbona haondoki?"

"Anakungoja wewe, baba."

"Ana kiburi kama mama yake mdogo."

Lakini niliona nyayo zake zikirudi nyuma. Akainama, akajaribu, akarudi kitini kwa kishindo. Neema akaruka kumshika kwapa, nikamkamata mkono.

"Ataanguka," akasema.

"Simama karibu naye. Usimnyanyue."

Alinitazama kwa chuki. Hata hivyo alisimama pale, mikono tayari. Mzee akapumua, akainama zaidi, pua ikapita vidole. Akasimama. Akashika meza, akashika ukuta, akaja kwangu taratibu huku akinitukana kwa Kirundi, maneno ambayo sitayaandika. Alipofika mlangoni alitazama sakafuni.

"Viatu vyangu viko wapi?"

Neema alikuwa ameviweka stoo, chini ya jengo, kwa sababu baba hatoki tena.

"Nakuuliza wewe. Nimsindikize mgeni pekupeku?"

Neema akachukua ufunguo, akashuka stoo. Mzee akaegemea ukuta, mimi nikamvua mtoto kofia, tukangoja viatu.