Kitabu Alichokisoma Mama Kwenye Dungu

Mama yangu hakuwa mtu wa hasira. Lakini kuna kitabu kimoja cha watoto kilimkasirisha kiasi kwamba aliongea peke yake shambani, na kwa muda mrefu hakuna aliyejua sababu.

Wakati huo tulikuwa tumeshahamia kijijini. Kabla ya hapo boma letu lilikuwa peke yake karibu na mto, na jirani yetu ulimwona kwa moshi wake tu. Serikali ilipotaka watu waishi pamoja, tulijenga kando ya barabara, upande wa Machochwe, nyumba zikapangwa mstari kama wanafunzi wa gwaride. Baba alilalamikia malisho. Mama alilalamikia kelele. Mimi sikulalamika, kwa sababu shule ilikuwa jirani, na jirani na shule palikuwa na maktaba.

Tuliita maktaba, lakini kilikuwa chumba kilichoungana na duka la ushirika, na ndani yake mna mabenchi na kabati la mbao lenye kufuli. Asubuhi chumba kilikaa kimya. Alasiri watu wazima walikuja kwenye kisomo. Aliyewafundisha alikuwa kijana mpole aliyekuwa amemaliza darasa la saba, na ndiye aliyekaa na ufunguo wa kabati. Wazazi wetu walimwita mwalimu, ingawa yeye aliwaamkia shikamoo mmoja mmoja kabla ya kushika chaki.

Vitabu vingi vilihusu pamba, kuku, na maji ya kuchemsha. Chini kabisa, kwenye rafu ambayo ilibidi upige magoti kuifikia, palikuwa na hadithi chache za watoto na vijana. Mwalimu aliniruhusu kuchukua kimoja kimoja, nami niliwasomea watu nyumbani kwa sauti, maana ndivyo tulivyozoea. Hadithi ilikuwa ya kusikilizwa na wote. Penye Kiswahili kigumu nilifasiri kwa Kikurya.

Cha kwanza kumsomea mama kilikuwa cha upelelezi. Watoto watatu walikuwa wanamtafuta mwizi wa magunia ya pamba ghalani. Mimi nilikipenda mno. Nilipenda jinsi walivyonyatia, walivyoficha tochi, walivyopeana ishara kwa kupiga mluzi. Mama aliendelea kusaga ulezi mpaka nilipofika mwisho, mwizi akakamatwa.

"Ni nani?" akauliza.

"Yule mgeni mwenye kovu."

Akaacha kusaga. "Aliyefika juzi tu?"

"Ndiyo huyo."

"Alijuaje mlinzi anakwenda kula saa ngapi? Alijuaje mlango upi umelegea?" Akatikisa kichwa, akashika tena jiwe lake. "Aliyeandika hiki hajawahi kuibiwa. Mwizi wa ng'ombe anamjua ng'ombe anayetangulia. Asipomjua, atazunguka zizini mpaka watu waamke. Mwizi ni mtu mliyekula naye."

Kwetu habari za wizi wa ng'ombe hazikuwa hadithi, naye alijua anachokisema. Lakini niliumia. Nilikuwa nimeona kovu la yule mtu tangu ukurasa wa pili na kujihesabu mwerevu kwa kumtambua, kumbe mwandishi alikuwa amenipa jibu kabla sijaulizwa swali.

Kitabu kilichofuata ndicho kile kilichomkasirisha, hadithi ya kichuguu. Msichana mmoja alikuwa na kaka yake aliyepoteza kivuli. Kijana anasimama juani, chini hakuna kitu. Anaanza kudhoofika, chakula hakipiti. Msichana anafuata mchwa, anaingia ndani ya kichuguu, anakuta kijiji kizima cha vivuli visivyo na watu. Vinapika, vinacheka, vinachunga vivuli vya mbuzi. Lazima akitambue kivuli cha kaka yake kati ya vyote hivyo, na havina sura.

Nilipokuwa nasoma mama alisahau kusaga. Aliegemea ukuta, mikono imetulia mapajani, jambo ambalo sikulizoea. Mara moja tu alinikatiza. "Atamjua kwa mwendo," akasema. "Mimi wewe ningekujua kwa mwendo."

Hatukumaliza. Tulifika katikati, mwalimu akaniomba nikirudishe, kwa sababu kuna mtoto mwingine aliyekuwa anakisubiri. Nikakirudisha. Baada ya siku chache mtoto huyo akaenda kukichukua, na kitabu hakikuwepo.

Kwanza mwalimu alidhani amekiweka vibaya. Akatoa vitabu vyote, akavipanga kwenye benchi, akavirudisha. Habari zikamfikia katibu wa kijiji. Katibu alikuwa mtu wa utaratibu, na vitabu vile vilikuwa vimetoka wilayani, ni mali ya umma. Akasema jambo hilo litazungumzwa kwenye mkutano, na kama mwalimu hawezi kutunza ufunguo, atafutwe mwingine. Kijana yule aliendelea kufundisha, lakini chaki ilimvunjikia mkononi mara kwa mara, na alianza kufunga kabati hata anapotoka kwenda kunywa maji.

Mama alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Alikuwa hatua ya kwanza, ya kutambua herufi, na alikuwa amekaa hapo muda mrefu kuliko wenzake wote. Kitabu chao cha kujifunzia kilizungumzia pamba. "Pamba naijua tangu sijaolewa," alizoea kusema. "Nikishaisoma itanipa nini ambacho haijanipa?" Alihudhuria kwa sababu kila mtu alitakiwa kuhudhuria. Akishafika nyumbani alitundika mfuko wake wa madaftari ukutani na hakuugusa mpaka siku ya pili.

Msimu ule mtama ulikuwa unakomaa, na mama alishinda shambani juu ya dungu, jukwaa la miti la kulindia mazao, akifukuza ndege. Mimi nilimpelekea chakula nikitoka shule. Siku moja nilipokaribia nilimsikia anaongea. Nilidhani ana mtu. Alikuwa anasema, "Hapana. Hapana, haiwezekani," na kundi la ndege lilikuwa limetua upande wa pili wa shamba, linakula bila wasiwasi. Nilipoita, alinyanyuka haraka akarusha jiwe. Nikadhani ni joto linalomsemesha.

Mkutano ulifanyika mbele ya duka la ushirika. Wazee walikaa kwenye mabenchi yaliyotolewa ndani, akina mama chini, sisi watoto tulisimama nyuma. Walizungumza kwanza kuhusu shamba la kijiji, kisha kuhusu josho. Kisha katibu akasimama.

"Ndugu wananchi, kuna suala la kitabu."

Akaeleza. Mwalimu alikuwa amesimama pembeni, ameinamisha kichwa, ufunguo ameufumba mkononi kama mtu aliyejiandaa kuutoa. Katibu alikuwa anafika kwenye maneno ya kumwondoa, mama akanyanyuka kutoka pale chini.

"Ndugu katibu," akasema, "kitabu ninacho mimi."

Watu wakageuka. Baba, aliyekuwa na wazee, alikaa wima. Mama akafungua kanga yake, na kutoka kwenye mfuko wa madaftari akatoa kile kitabu, kimefungwa kwenye karatasi ya sukari kisichafuke.

"Mama," katibu akasema kwa upole usiokuwa wa kawaida yake, "ulikuwa unakifanyia nini?"

"Nilikuwa nakisoma."

Mtu mmoja akacheka. Katibu hakucheka, lakini alitazama kitabu, akamtazama na mama. Wote pale walijua yuko hatua ya kwanza.

"Nilikusudia kukichukua kwa siku moja tu," mama akaendelea. "Nilitaka kujua kama binti anakipata kivuli. Nilisoma polepole, neno kwa neno, nikiwa kwenye dungu. Mengine niliyakumbuka kwa sauti ya mwanangu alivyoyasoma. Nikafika mwisho. Ndipo nikashindwa kukirudisha."

"Kwa nini?"

Hapo sauti yake ikapungua. "Kwa sababu nimeona nimekosea kusoma. Nimerudia ukurasa wa mwisho mara nyingi sana, na kila mara nakosea vilevile." Akamgeukia kijana. "Mwalimu, usinikasirikie. Nisomee huo ukurasa, niambie nimepotea wapi."

Mwalimu alisogea, akakipokea kwa mikono miwili. Akatafuta ukurasa wa mwisho, akasoma kwa sauti mbele ya kijiji kizima. Msichana yuko mbele ya vivuli, ameshanyoosha mkono. Mara anasikia mama yake anamwita. Anafumbua macho, yuko kitandani. Kumbe ilikuwa ndoto. Kaka yake yuko nje anakata kuni, kivuli chake kipo palepale, na msichana anaahidi kwamba kuanzia siku hiyo atawatii wakubwa.

"Ndivyo nilivyosoma mimi," mama akasema. "Neno kwa neno."

"Hujakosea, mama," mwalimu akamjibu. "Ndivyo kilivyoandikwa."

Mama alikitazama kile kitabu. Nilimwona kwa mbali jinsi uso wake ulivyobadilika. Kwanza aliona haya, kisha haya ikamtoka, akasimama kama mtu aliyetua mtungi.

"Basi aliyekosea ni yeye," akasema, akikielekezea kidole kile kitabu. "Amenipeleka ndani ya kichuguu, nimeogopa, nimemlilia mtoto wa watu, halafu ananiambia hakuna aliyekwenda popote? Huyo kaka alikuwa anakufa! Nani kampa ruhusa ya kusema ni ndoto?"

Safari hii watu walicheka vizuri, na katibu pamoja nao. Bibi mmoja aliyekaa mbele akauliza ni kichuguu gani hicho, na kaka alikuwa anaumwa nini. Mwingine akataka kusikia tangu mwanzo. Ikabidi katibu apige meza. Alisema kuchukua mali ya umma bila kuaga ni kosa, na mama akubali kosa lake, naye akalikubali. Kisha akasema ufunguo ubaki kwa mwalimu, na kitabu kisomwe kisomoni, ili asionekane mtu mwingine wa kukificha.

Kilisomwa. Watu ambao kwa wiki nyingi walikuwa wanasinzia kwenye pamba walikuja mapema wapate benchi la mbele, na sisi watoto tulisikiliza dirishani. Haikukosa mabishano. Mzee mmoja wa kanisa alisema si vizuri watoto wasome habari za watu waliopoteza vivuli, kwamba ni kuwafungulia mlango wa uchawi. Mama akamjibu kwa heshima kwamba watoto wanaogopa giza hata kabla ya kujua kusoma. "Kitabu hakikuwaletea hofu, baba," alisema. "Kimewaonyesha binti mdogo anaingia nayo ndani na haachi kutembea." Mzee hakukubali, lakini siku ya pili alikuja tena, na alikaa mpaka mwisho.

Ukurasa wa mwisho hawakuusoma. Mwalimu aliwaambia kila mtu amalizie anavyoona. Mwisho wa mama naukumbuka mpaka leo. Msichana alimtambua kaka yake kwa mwendo, lakini kivuli kikakataa kutoka, kwa sababu kule kichuguuni hakuna aliyekitwika mzigo. Msichana hakukivuta. Alikaa nacho, akakisimulia habari za nyumbani, mpaka kikaanza kuuliza maswali. Kaka alipona. Ila tangu siku hiyo kivuli chake kilichelewa kidogo. Akisimama, kinasimama baadaye.

Mimi baadaye nilikuwa mwalimu, nikafundisha Mugumu na sehemu nyingine za huku, na nimesoma hadithi nyingi za watoto kuliko mtu mzima anavyopaswa. Maoni yangu juu ya hadithi hizo hayajaenda mbali na ya mama. Hadithi ya upelelezi inayomtwika mgeni wizi ili wenyeji walale vizuri, sipendi kumpa mtoto. Ataanza kutazama makovu ya watu. Na hadithi ya maajabu isiyoyaamini maajabu yake yenyewe inamfundisha mtoto kwamba machozi aliyoyatoa yalikuwa ya bure. Mtoto anasamehe majitu, anasamehe mizimu, anasamehe hata kifo. Kudanganywa na aliyemshika mkono hakusamehi, na sioni kwa nini asamehe.

Mama alipanda hatua ya pili mwaka uleule. Siku moja ya mnada nilifuatana naye Mugumu, tukaingia kwenye duka la mzee mmoja Mwislamu aliyeuza madaftari, sindano na nguo. Kwenye kona alikuwa na vitabu vichache vimepigwa na vumbi.

"Unacho cha hadithi?" mama akamuuliza baada ya salamu.

"Kipo kimoja, mama. Kinasemekana kinatisha."

"Mwisho wake ukoje?"

Mzee yule hakuwa amekisoma. Akavaa miwani, akafunua kurasa za mwisho, akaanza kusoma kimyakimya, midomo inacheza. Mama akainua mkono.

"Usinisimulie. Niambie tu kama anaamka."

Mzee alifuatisha mistari kwa kidole, taratibu, mpaka chini.

"Haamki," akasema. "Bado yuko njiani."

"Nifungie hicho," mama akasema.