Mapendo na Pahali pa Hidrojeni

Mapendo anafundisha kemia hapa Kashebere, mwaka wa saba sasa. Ni mutoto wa Masisi, wa wafuga ng'ombe. Masomo yetu, shule hii ya sekondari, haina hata tablo ya elementi ya kutundika, basi alishona yake mwenyewe kwa mashini yangu ya kushona, miye muzazi wa mwanafunzi wake, majuma matatu. Juu ya shuka nyeupe aliweka vipande vya kitenge: bluu kwa metali, kushoto mpaka katikati, na pale njo iko zahabu, na bati inayotoka katika mawe ya machimbo ya Mubi. Manjano kwa zisizo metali, kuume, juu: oksijeni, kaboni ya makala tunayopikia. Kati yao uzi mwekundu unashuka kama ngazi.

Ili watoto washike, aliwaambia wafikiri kanisa letu: wanaume kushoto, wanawake kuume. Walishika siku ile ile. Hidrojeni tu ilikuwa manjano peke yake kule kushoto, pa juu kabisa.

Enspekteri akatangaza kwamba atakuja siku ya tano. Miaka saba Mapendo anafundisha bila karatasi ya nominasyo, ile ya Serikali ya kumutambua kama mwalimu wake, na ripoti ya huyo enspekteri njo ingemupatia. Prefe wetu, mukubwa wa masomo, Papa Edmond, ambaye pia ni muzee wa kanisa, akaingia darasani kuangalia kama yote iko tayari, akaonyesha hidrojeni kwa kidole.

"Mama Mapendo, huyu mwanamuke anafanya nini kwa benchi ya wanaume?"

Watoto wakacheka. Mapendo akamueleza kwa heshima: anakaa pale sababu ya elektroni yake moja, sawa na wale wako chini yake, lakini rangi inaonyesha kama haiko metali. Prefe akaitika kwa kichwa.

Siku ya tano, enspekteri alisimama mbele ya shuka, na sisi wa komite ya wazazi tulikaa nyuma. Hidrojeni ilikuwa imefumuliwa na kushonwa kuume, kombokombo. Enspekteri akauliza nani aliweka vile.

"Mwalimu njo alishona," prefe akasema, macho yake kwa dirisha.

Mapendo hakupaza sauti. Alisogea, akashika ule mushono.

"Nilishona, ndiyo. Lakini miye nilitumia uzi mweupe. Huu mweusi ni wa nani, Papa Prefe?"

Prefe akasema alirekebisha kosa tu.

"Kosa gani? Nilikueleza, ukaitika. Miaka saba nangoja karatasi, na leo unanitupa sababu ya sindano yako."

Akakata ule uzi kwa meno, akabandika hidrojeni kushoto kwa pini, akamueleza enspekteri mambo ya elektroni mbele ya wote. Enspekteri aliandika kwamba anastahili nominasyo. Ilibaki tu prefe atie sinyature, mukono wake, juu ya ripoti.

Kesho yake prefe alimuita kwa biro, chumba chake cha kazi, akamwambia kwamba amemudharau mukubwa wake, aombe musamaha mbele ya walimu. Mapendo akajibu kwamba yeye prefe aje kwanza darasani, awaambie watoto nani alifumua.

Sasa ni miezi mbili. Miye nasali kila asubuhi, ninataja jina la Edmond, na kwa hasira nashindwa kusema amina. Ripoti iko katika tiroari ya meza yake, bila sinyature. Mapendo anapita mbele ya ile biro bila kusalimu, anaingia kufundisha.