Gari Isiyo na Shafti Ilitusukuma Kinamba

Hapana Zaina, usiniambie tena gari ilikuwa kwenye gia. Najua ni baba yako amekufundisha kusema hivyo. Gia ya nini? Shafti haikuwepo. Niliibeba mimi kwa mikono yangu, nikaiegemeza kwenye ukuta wa garaje kule Gatsata, na grisi yake iko kwenye sketi yangu ya shule mpaka leo, Mama ameifua na majivu imekataa. Sasa gari isiyo na shafti inasukuma kamiyo, lori zima, namna gani? Ukijua jibu niambie, nipate kulala.

Wasiojua magari niwaeleze haraka. Gari ya marehemu Baba ni Pejo ya zamani, inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Injini iko mbele, nguvu yake inapita chini kwenye chuma kirefu kinachozunguka. Hiyo ndiyo shafti. Ukiivuta gari kama hiyo mbali bila kuitoa, magurudumu yanazungusha giaboksi wakati injini imelala, giaboksi inaungua. Ndiyo maana fundi aliifungua kabla hatujahama. Na ukishaitoa, injini ingurume siku nzima, magurudumu hayapati kitu. Halafu Pejo yenyewe haikuwa hata na betri.

Mwenye nyumba alitaka nyumba yake, basi tunahamia Kabeza. Mjomba Saidi, kaka yake Mama, huyo baba yako, akatafuta kamiyo na shoferi Mrundi. Vitu vimeshapakiwa, kitanda, kabati, cherehani ya Mama, Mama akasema kwanza tupite makaburini tumwambie Baba kwamba tunahama. Bibi zake walifanya hivyo, mtu hahami kimya kimya.

"Dada, muombee dua hapa hapa," Mjomba akasema. "Kwenda kumuaga mzimu ni shirki."

"Simuagi. Nampa adresi tu."

"Kwani atakuandikia barua?"

Shoferi akacheka mpaka akashika mlango. Mama akapanda mbele, na makaburini hatukupita. Mimi nilitaka tuondoke tu, jua lilikuwa linashuka na bariyeri za askari barabarani zinafungwa mapema siku hizi. Shafti Mjomba akasema tuiache, kamiyo imejaa, tutairudia.

Pejo ilifungwa nyuma ya kamiyo na chuma cha pembe tatu, kile ambacho hakihitaji mtu wa kushika volani, yaani usukani. Hakukuwa na mtu ndani. Milango niliifunga mwenyewe. Nikakaa juu ya magodoro, uso wangu unaangalia Pejo, njia nzima.

Nyabugogo tulipita vizuri. Kinamba, pale kwenye mpando wa kwenda Kacyiru, kamiyo ikachoka. Ikatetemeka, ikazima, ikaanza kurudi nyuma. Freni hazishiki. Nasikia Mama mle mbele anamwita Mungu. Pembeni ni korongo, chini ni bonde, na mimi nafikiri kitu kimoja tu, kile chuma kikipinda, Mama anakwenda bondeni. Baba tumemzika juzi juzi, halafu na Mama?

Tukasimama.

Halafu tukaanza kupanda. Niamini. Polepole, bila mlio wa injini, kama mtoto anavyosukumwa mgongoni kwenda shule. Nikaangalia Pejo. Nyuma ya kioo iko mikono miwili juu ya volani. Uso sikuuona, ilikuwa ile saa kioo kinaonyesha mawingu tu. Vumbi linaruka kule kwenye magurudumu ya nyuma, yale yasiyo na kitu cha kuyazungusha. Na sauti ikatoka dirishani, tena haikupazwa:

"Wewe mtoto, mwambie shoferi asiguse klachi. Nimeshika."

Ungefanya nini wewe? Nilipiga bodi kwa ngumi, nikasema klachi usiguse. Shoferi akatii. Baadaye aliniambia alidhani ni Mjomba anasema, na Mjomba alikuwa amekaa ubavuni kwake.

Juu kulikuwa na bariyeri. Askari akasoma vitambulisho vya watu wazima, akaenda nyuma, akakaa huko kidogo, akarudi.

"Mzee wenu mbona mmemweka peke yake nyuma na baridi hii? Ana adabu kuliko nyinyi, amenisalimia."

"Mzee gani, afande?" Mjomba akauliza.

"Mwenye kofia ya sufu. Kitambulisho chake nimeona. Haya, piteni."

Mjomba hakugeuka. Mimi nilishuka nikafungua mlango wa Pejo. Hakuna mtu. Lakini kiti kilikuwa kimerudishwa nyuma mpaka mwisho, kama cha mtu wa miguu mirefu. Na Baba alikuwa mfupi, Zaina, unakumbuka, alikuwa anakalia mto ndiyo aone barabara.

Basi siyo Baba? Mama anasema kofia ya sufu alimfumia kabla mimi sijazaliwa. Mjomba anasema kofia za sufu ziko nyingi sokoni. Tulipofika Kabeza, kabla hata ya kushusha kitanda, Mama alinivuta pembeni, nikamsimulia ile sauti ya dirishani.

"Alikuitaje?"

Nilijua kwa nini anauliza. Baba hakuniita mtoto hata siku moja. Aliniita Mukecuru, bibi kizee, kwa vile sina subira. Nikamwambia Mama ukweli, ameniita mtoto. Akakaa chini juu ya gunia.

"Basi siyo yeye."

Halafu akasema, "Au alikuwa na haraka."

Tangu siku hiyo Mama hashoni vizuri. Akipita uani asubuhi anasalimia Pejo, lakini jina halitaji. Baba yako hajalala hapa tena, anasema kazi zimemzidi, nawe unajua hana kazi. Mimi nimesogeza kile kiti mbele mara mbili. Mara mbili nimekikuta kimerudi.

Wewe unayesoma, ukihamisha gari ya marehemu usimcheke anayetaka kwanza kwenda kutoa habari. Na shafti usiache nyuma, hata kamiyo ijae vipi. Gari ikitembea, mtu ajue inatembezwa na nini.

Nimeamua. Kesho asubuhi, kabla baba yako hajaja na maneno yake, nampeleka Mama makaburini akampe Baba adresi. Kutoka hapo tunapitia Gatsata kuchukua shafti. Lakini kabla hatujatoka nyumbani nitasogeza kiti mbele, niweke ule mto wa Baba juu yake. Kama ni yeye, ataukalia. Kama siyo yeye, ataona kiti kina mwenyewe.