Zamani Alikuwa Kibarua wa Shamba

Mume wangu alipoachishwa kazi alianza kwa kuzibua mifereji ya paa. Halafu akapaka rangi uzio. Vitu vya kutengeneza vilipokwisha pale nyumbani kwetu Bowie, hapa Marekani, akakaa mbele ya kompyuta na kuanza kuwatafuta mababu zake wa Uskoti.

Yeye ni Mmarekani, Mzungu, lakini Kiswahili alikipata ujanani alipokuja kufundisha hisabati Iringa, kwenye shule niliyokuwa nikifundisha mimi. Kazi aliyoifanya hapa kwa miaka mingi ilikuwa ya mkataba na serikali, mambo ya visima na maji safi katika nchi za mbali. Mkataba ukakatwa. Asubuhi yeye na wenzake walipata barua pepe, na mchana kadi zao za mlangoni zikawa hazifungui. Alirudi nyumbani amebeba viatu vyake vya mvua, vile alivyokuwa akiviacha chini ya meza ofisini.

Aliomba kazi nyingine, akaomba tena. Waliomsaili walikuwa na umri wa binti yetu anayesoma chuo. Mtaani kwetu hakuwa peke yake. Ukiona gari la jirani limelala nje siku ya Jumanne, ulijua na huyo yamemkuta.

Watu wa sensa za zamani kule Uskoti walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miaka kumi, wakaandika jina, umri, mahali mtu alipozaliwa, na kazi yake. Mume wangu hakujali sana majina. Kazi ndizo zilizomshika.

Katika ukoo wao walirithishana habari kwamba babu wa babu yake, aliyebaki Uskoti, alikuwa msomi. Mwanawe aliyehamia Marekani ndiye aliyeileta habari hiyo, na wote waliomfuata wakaishi nayo kwa fahari. Siku alipouona ukurasa wenyewe aliniita nije haraka.

"Soma hapa. Msomi. Sasa tazama umri."

Miaka sita.

"Maana yake ni mtoto anayekwenda shule," akasema. "Basi. Hata dada yake mdogo naye ni msomi."

Tulicheka, na nilifurahi kumwona anacheka. Kisha nikaona anafuta macho, anaendelea kuyafuta, na kicheko kimekwisha kitambo.

Akamfuata yule mtoto sensa kwa sensa. Akamkuta mtumishi wa shamba. Akamkuta tena, amekwisha oa, na kwenye nafasi ya kazi pameandikwa neno lililomsumbua asubuhi nzima.

"Wameandika 'hind'," akaniambia. "Kwa Kiingereza chetu huyo ni paa jike."

"Babu yako paa?"

"Nilidhani karani amekosea. Kumbe ndivyo walivyomwita mfanyakazi wa shamba mwenye mke, aliyeajiriwa kwa mwaka mzima. Analipwa nyumba, shayiri na viazi. Lakini kuna sharti. Lazima aje na mwanamke wa kulima pamoja naye. Mkewe, au bintiye, na kama hana, akodi wa watu."

"Na mkewe wamemwandika kazi gani?"

Akasogeza ukurasa, akaukuza. "Hawakuandika kitu. Mke tu."

Nilikuwa nimesimama pale na sare ya kazini, funguo za gari mkononi. Nilikuwa nimeongeza zamu kwenye nyumba ya wazee Alexandria, na kutoka Bowie hadi kule, foleni ya darajani inakumaliza kabla hujamwogesha mtu yeyote. Nikasema, "Mwaka mzima yuko kwenye matope, halafu mke tu."

Akanitazama. "Pole," akasema. Mpaka leo sijui pole ile ilikuwa yangu au ya yule mwanamke.

Mama yangu akipiga simu kutoka Iringa lazima amuulizie mkwewe. Nilishindwa kumwambia. Nikasema, "Yupo, anasoma."

"Anasoma nini mtu mzima yule?"

"Habari za mababu zake."

"Hilo ni jambo jema," akasema mama. "Mwambie nimemsifu."

Nilimfikishia. Akafungua ukurasa mwingine wa sensa.

Rafiki yangu mmoja wa Mombasa, anayefanya kazi hoteli huko huko Alexandria, alisikia mwenzangu amekaa tu. "Shemeji na aje," akasema, "hapa hatuulizani vyeti." Akamtafutia nafasi ya kuegesha magari ya wageni. Mume wangu alikubali bila ubishi. Walimpa koti jekundu lililombana mabegani, na kwa siku chache alirudi nyumbani amechoka uchovu wa kawaida, akala, akalala. Nilianza kupumua.

Kisha akaja mgeni mmoja, mtu waliyekaa naye meza za jirani miaka yote ile ofisini. Alishuka garini akiongea na simu, akamkabidhi mume wangu funguo, akapita. Mume wangu akaliegesha gari vizuri, akarudisha funguo kwenye ndoano, akavua koti na kulitundika kwenye kiti, asirudi tena. Aliniambia yote hayo kwa utulivu, kama mtu anayesimulia ya jirani.

"Labda hakukuona," nikasema.

"Hakuniona. Ndicho ninachokuambia. Afadhali angeniona akacheka."

Akarudi kwenye kompyuta, na safari hii hakuniita. Mimi mwenyewe ndiye niliyekwenda kusimama nyuma yake Jumamosi moja mchana, nikauliza amefika wapi.

"Nimemaliza," akasema.

Ukurasa ulikuwa wa nyumba ya maskini, mahali walipopelekwa wasio na kitu wala mtu. Waliokuwamo hawakuandikiwa majina, herufi mbili mbili tu za mwanzo wa majina. Akanionyesha mstari mmoja kwa kidole. Fukara, zamani alikuwa kibarua wa shamba.

"Utajuaje kama ni yeye? Herufi mbili hizi."

"Umri ni wake. Kijiji alichozaliwa ni chake."

"Na mwanawe alikuwa wapi?"

"Huku. Pennsylvania. Anawaambia watu baba yake ni msomi."

Nilimwekea mkono begani. Akasema kwamba kati ya sensa ya nyuma na hii kuna miaka kumi ambayo hakuna aliyeiandika. Mtu ana nyumba, ana mke, ana kazi, halafu ni herufi mbili. "Nimetafuta kilichomkuta," akasema. "Hakipo popote." Akaifunga kompyuta.

Moyoni nilishukuru. Nilikuwa nimewachukia wale wafu waliomkalia mume wangu kutwa. Nilidhani sasa atainuka. Badala yake alihamia kwenye kiti cha dirishani na kukaa bila kitu mikononi, na hapo ndipo nilipoogopa hasa, kwa sababu nilielewa kwamba wale mababu ndio waliokuwa wakimwamsha asubuhi. Maneno nayo yakapungua. Nikimsemesha kwa Kiswahili anaitikia kwa kichwa, au ananijibu kwa Kiingereza neno moja, kana kwamba Kiswahili kimekuwa mzigo wa kunyanyua.

Nilimpeleka kwa daktari. Dawa alizopewa anazimeza nikiwapo. Nyumba tumeiweka sokoni, na wanunuzi hupita sebuleni wakimsalimu kwa heshima, kama mgonjwa.

Binti yetu alikuja Jumapili. Anakielewa Kiswahili lakini hukujibu kwa Kiingereza tu. Alivuta kiti karibu na baba yake, akafungua kompyuta, akamwomba amwonyeshe wale watu wa Uskoti, amweleze yule paa jike. Baba yake akautazama mwanga wa kioo muda mrefu.

"Wamekufa wote," akamwambia, kwa upole.

Nilipomsindikiza hadi garini, mtoto aliniuliza kama baba atapona. Nilitaka kusema ndiyo.

"Sijui, mwanangu," nikasema.

Aliondoka. Kesho yake nilikuwa na zamu ya asubuhi. Nilimwachia mume wangu chai kwenye chupa na mkate uliopakwa siagi. Niliporudi jioni chupa ilikuwa imejaa vilevile, naye yuko dirishani, na nje kulikuwa na watu wawili wanaipiga picha nyumba yetu.