Matone ya Macho na Shikamoo Yangu

Daktari wa macho alinitia matone yaliyopanua mboni, apate kuchungulia retina, ule utando mwembamba wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Akanionya kwamba lenzi za macho yangu zingelala kwa saa kadhaa, nisione vizuri vitu vya karibu. "Usisome," akasema. Sikusoma. Nilifanya makubwa zaidi.

Kwenye treni ya kurudi Rooty Hill, kitongoji ninakoishi huku ughaibuni, nilikaa kando ya mama mmoja. Uso wake ulikuwa ukungu mtupu, ila gauni lake la maua makubwa nililiona kitenge. "Shikamoo, mama," nikamwamkia. Akaguna, nami nikalihesabu guno hilo kuwa marahaba. Miezi mitano sikuwa nimeongea Kiswahili na mtu ana kwa ana, basi nikamwaga yote: kazi ya kutunza wazee, chumba kimya, chapati ninazopika mbili nikala moja. Akanishika mkono. Nikalia kabisa, eti nimepata mama.

Tulipopita stesheni ya Blacktown akaniambia kwa Kiingereza, taratibu, "Binti, mimi ni mtu wa Fiji. Sijaelewa hata neno moja."

Abiria wote walikuwa wakitusikiliza. Nikauvuta mkono wangu. Hakuuachia.

"Lakini nashuka mbali," akasema. "Endelea."